Kujifunza sinthesaiza kuanzia sifuri: nianze na vitufe au na kuandika programu?

Mwanagenzi aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nina kompyuta ya kawaida, kinanda kidogo kinachotuma ujumbe wa MIDI (maagizo ya noti kwa kompyuta), na sinthesaiza, yaani ala ya kielektroniki ya kuunda sauti, iitwayo Surge XT, ambayo ni programu inayotolewa bure. Aidha, ninaifahamu lugha ya Python kwa kiwango cha kuandika programu ndogo za kupanga mafaili na kuchora chati. Nia yangu ni kuunda sauti zangu mwenyewe na hatimaye kutunga muziki kwa kuzitumia, lakini nimekwama. Kila nikiifungua sinthesaiza ninakuta mamia ya sauti zilizokwisha kutengenezwa, ninazipitia moja baada ya nyingine mpaka muda unakwisha, na nikijaribu kuunda ya kwangu inatoka kavu, mlio mmoja uliosimama tu bila uhai.

Ninaomba mnisaidie katika mambo matatu. Kwanza, ni nini kinachotakiwa kujifunzwa mwanzo, na kwa utaratibu gani? Pili, je, ujuzi wangu mdogo wa kuandika programu una manufaa yoyote hapa, au ni njia ndefu isiyo ya lazima? Tatu, mtu anavukaje kutoka kwenye sauti moja nzuri hadi kwenye kipande kizima cha muziki?

Mvumo alijibu:

Ndugu Mwanagenzi, nitalijibu swali la kwanza kwa urefu, kwa sababu ndilo linalobeba mengine. Kwa maoni yangu, Python iweke pembeni kwa sasa. Chagua ile sauti tupu ya kuanzia, ambayo katika sinthesaiza nyingi huitwa Init, zima athari zote za mwangwi na za kupanua sauti, kisha ushughulike na vitu vitatu pekee: wimbi, kichujio na envelopu. Utaratibu huu ni wa kupunguza, yaani unaanza na wimbi lenye mengi ndani yake, halafu unaondoa usichokitaka. Ndivyo ilivyojengwa sinthesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970, na ingawa Surge XT ina vitufe vingi kuliko hiyo, njia kuu inayopitiwa na sauti ndani yake ni ileile.

Anza kwa kuyasikiliza mawimbi. Wimbi la msumeno lenye masafa ya hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, lina sauti ya msingi ya hezi 110, na juu yake kuna harmoniki zote za 220, 330, 440 na kuendelea, kila moja ikiwa dhaifu kuliko iliyotangulia: ya pili ina nusu ya kimo cha sauti ya msingi, ya tatu ina theluthi, ya nne ina robo. Wimbi la mraba lina harmoniki za namba witiri tu, yaani 330, 550, 770, na ndiyo sababu husikika kana kwamba lina uwazi katikati, karibu na klarineti. La pembetatu nalo lina za witiri, ila zinafifia haraka zaidi, kwa kuwa ya tatu ina sehemu moja tu ya tisa. Wimbi la sini halina harmoniki yoyote juu ya sauti ya msingi, na kichujio hakiwezi kuondoa kisichokuwepo; wapo wanaoanza na sini, wakazungusha kichujio, wakashangaa mbona hakuna kinachobadilika isipokuwa ukubwa wa sauti.

Kichujio cha kupitisha sauti za chini huyaruhusu masafa yaliyo chini ya mpaka ulioweka, na huyadhoofisha yaliyo juu yake. Kile cha desibeli 24 kwa kila oktava (yaani kila masafa yanapoongezeka maradufu), cha aina inayofungamana na jina la Robert Moog, hukata kwa ukali. Cha desibeli 12 huacha mng'ao zaidi huko juu. Ukiongeza resonansi, masafa yaliyo karibu na mpaka yanainuliwa, na ukiizidisha sana, vichujio vingi huanza kupiga mluzi vyenyewe. Weka wimbi la msumeno, pandisha resonansi kiasi, kisha usogeze mpaka taratibu kutoka chini kwenda juu: utazisikia harmoniki zikijitokeza moja baada ya nyingine. Lirudie zoezi hilo kwa noti tofauti mpaka uweze kukisia mpaka uko wapi bila kuutazama.

Sasa nije kwenye ukavu unaoulalamikia, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha jambo. Sauti ya ala halisi haisimami mahali pamoja. Uzi wa gita ukipigwa, kwa kawaida harmoniki za juu hufa mapema na za chini huendelea kudumu, hivyo sauti inapungua ukubwa na wakati huohuo inapungua ukali. Sinthesaiza haitafanya hivyo mpaka uiamuru, na chombo cha kuiamuru ni envelopu. Ina sehemu nne: muda wa kupanda, muda wa kushuka, kiwango cha kudumu wakati kidole kingali kwenye kinanda, na muda wa kufifia baada ya kidole kuondoka. Zingatia kwamba tatu kati ya hizo ni muda, lakini ile ya kudumu ni kiwango. Asiyeelewa tofauti hiyo atazungusha vitufe kwa kubahatisha.

Karibu kila anayeanza huielekeza envelopu kwenye ukubwa wa sauti peke yake. Elekeza nyingine kwenye mpaka wa kichujio. Weka mpaka chini, ipe envelopu hiyo nguvu ya kuupandisha, ondoa muda wa kupanda, weka muda wa kushuka wa milisekunde 200 hivi na kiwango cha kudumu cha sifuri: papo hapo wimbi lilelile la msumeno litageuka kuwa besi yenye mdonoo. Refusha muda wa kupanda hadi sekunde moja na muda wa kufifia hadi mbili, inua kiwango cha kudumu, ongeza osileta (kile kinachozalisha wimbi) ya pili iliyoachana na ya kwanza kidogo tu, kwa mfano hezi 220 dhidi ya 221, na utapata kitu kinachokaribia kundi la fidla. Masafa hayo mawili yanayokaribiana hupishana na kukutana mara moja kila sekunde, na mawimbi hayo ya kupishana ndiyo yanayoleta hisia ya upana na joto.

Jaribu pia ngoma. Chukua wimbi la sini, elekeza envelopu fupi kwenye masafa yake yaanguke kutoka hezi 200 hadi 50 ndani ya milisekunde 60 hivi, kisha uache ukubwa wa sauti ufifie kwa milisekunde 300. Hakuna zaidi ya hapo. Ukiweza kuunda besi, fidla na ngoma hiyo kuanzia sauti tupu, bila kufungua maelezo ya mtu, umekwisha kuvuka sehemu ngumu.

Zile sauti zilizotengenezwa usizitupe, zipasue. Chagua moja unayoipenda, zima athari zake, uone kilichobaki. Mara nyingi utagundua kwamba nusu ya utamu ilikuwa mwangwi, na kwamba sauti yenyewe ni mawimbi mawili na kichujio. Minimoog ya asili haikuwa na kumbukumbu ya kuhifadhi sauti, hivyo mpigaji alilazimika kujua kila kitufe kinafanya nini au kuandika mahali kilipokuwa kimekaa. Sinthesaiza ya Prophet-5 ya mwaka 1978 ndiyo iliyowazoesha watu kubonyeza namba na kupata sauti nzima. Ni urahisi mkubwa, siukatai, ila umewafanya wengi wawe wateuzi wa sauti badala ya waundaji.

Kokotoa alijibu:

Ninaafikiana na Mvumo kuhusu envelopu, lakini siafiki ushauri wa kuiweka Python pembeni. Kwa mtu ambaye tayari anaandika programu, kuunda osileta kwa mkono wake kunafuta fumbo ambalo vitufe huliacha bila kuguswa. Isitoshe, muziki wa kompyuta ulianzia huko: Max Mathews wa maabara ya Bell Labs aliandika programu ya MUSIC mwaka 1957, kabla ya sinthesaiza za Moog kuwepo.

Fanya hivi. Sauti ndani ya kompyuta ni orodha ya namba, na kwa kiwango cha kawaida huwa ni namba 44,100 kwa kila sekunde, kila moja ikiitwa sampuli. Tengeneza kigezo kimoja kinachohifadhi mahali ulipofika ndani ya wimbi, kuanzia 0 hadi 1. Kwa kila sampuli ongeza masafa yaliyogawanywa kwa 44,100, na kikifika 1 au kupita, toa 1. Kwa noti ya hezi 440 hatua hiyo ni takriban 0.00998. Ukizidisha kigezo hicho kwa 2 na kutoa 1, una wimbi la msumeno. Ukikizidisha kwa 2π na kukipitisha kwenye hesabu ya sini, una sini. Andika matokeo kwenye faili la sauti kwa kutumia moduli ya wave iliyomo ndani ya Python, kisha usikilize. Punguza sauti ya spika kwanza, na vipokea sauti usivivae kabla ya kujua kilichotoka, kwa sababu hesabu yenye hitilafu inaweza kutoa kelele ya kuumiza masikio.

Hatua inayofuata ni noti. MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983, haibebi sauti hata kidogo. Hubeba maagizo tu, kama vile noti namba fulani imebonyezwa, na kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127. Noti namba 69 ni hezi 440, na nyingine zote hupatikana kwa kanuni hii:

masafa = 440 × 2^((n − 69) / 12)

Weka 60 mahali pa n na utapata takriban 261.63, ambayo ni C ya katikati ya kinanda. Ukiwa na kanuni hiyo, osileta, na envelopu iliyoandikwa kama namba inayopanda na kushuka, una sinthesaiza kamili ya sauti moja katika mistari isiyojaza ukurasa.

Halafu kuna jambo ambalo ni vigumu kuligundua kwa osileta za kawaida za Surge XT, kwa kuwa watengenezaji wake wamekwisha kulishughulikia. Piga msumeno wako wa kujiandikia kwa hezi 3,000 na utasikia milio ya chini isiyohusiana na noti hiyo. Sababu yake ni kwamba sampuli 44,100 kwa sekunde haziwezi kuwakilisha masafa yanayozidi nusu yake, yaani 22,050. Harmoniki ya nane ya noti hiyo ingekuwa 24,000, na kwa kuwa haina pa kukaa inakunjwa na kurudi kama 20,100. Ya kumi inarudi kama 14,100, ya kumi na mbili kama 8,100. Hakuna hata moja kati ya hizo inayogawanyika kwa 3,000, ndiyo maana sikio linazikataa. Tiba rahisi kwa anayeanza ni kujenga msumeno kwa kujumlisha sini moja moja na kusimama kabla ya kuufikia mpaka huo. Kazi hiyo ni polepole, lakini inafundisha kuliko kutazama mchoro.

Ukitaka kufurahi mapema zaidi, jaribu njia iliyochapishwa na Kevin Karplus na Alex Strong mwaka 1983. Jaza orodha ya namba 200 za kubahatisha kati ya −1 na 1. Toa ya kwanza iwe sampuli yako, na wastani wa hiyo na inayoifuata uuweke mwishoni mwa orodha, rudia. Itatoka sauti ya uzi uliopigwa, karibu na hezi 220, inayofifia yenyewe huku ukali wake ukipungua, jambo lilelile ambalo Mvumo amelieleza kwa vitufe. Wastani ule mdogo ndio kichujio.

Nikubali hata hivyo kwamba Python si chombo kizuri cha kupiga muziki papo kwa papo. Kadi ya sauti hudai mafungu ya sampuli bila kungoja. Fungu la sampuli 256 lazima liwe tayari ndani ya milisekunde 6 hivi, na likichelewa unasikia mkwaruzo. Kwa kazi hiyo nenda kwenye Pure Data ya Miller Puckette, ambako unaunganisha visanduku kwa mistari, au SuperCollider ya James McCartney kama unapendelea kuandika. Sonic Pi nayo inafaa kwa kutunga midundo kwa maandishi, ila haitakuonyesha sana kinachotokea ndani ya wimbi.

Mwanagenzi aliandika tena:

Ninawashukuru sana nyote wawili. Ngoma ya sini imetoka vizuri kwenye Surge XT, na uzi wa Karplus na Strong umenishangaza, kwa kuwa sikutegemea orodha ya namba za kubahatisha izae kitu kama kile. Kwenye osileta yangu ya Python, hata hivyo, kila noti inapokwisha kunasikika mlio mfupi wa kukatika. Pia ninaomba maelezo mafupi kuhusu sinthesaiza za FM (zinazounda sauti kwa wimbi moja kutikisa masafa ya jingine), kwa sababu kila ninapojaribu kubadilisha kitu kimoja sauti nzima inavurugika. Swali langu la tatu, la kutunga, bado halijaguswa.

BiZumari alijibu:

Mwanangu, hilo la kutunga nitalichukua mimi, kwa kuwa mafundi hawa wawili wakiachwa watakaa ndani ya wimbi moja mpaka alfajiri.

Tenganisha siku za kuunda sauti na siku za kutunga. Siku ya kuunda, hifadhi kila kinachokuridhisha kwa jina linaloeleza kazi yake, kama vile besi fupi au fidla ya polepole. Siku ya kutunga, chagua sauti nne tu kati ya ulizohifadhi, yaani besi, ngoma, kitu cha kujaza katikati na kitu cha kuimba juu, na usiguse kitufe chochote mpaka uwe umerekodi dakika mbili za muziki wenye mwanzo na mwisho. Muziki huo ukiwa mbaya, usiutengeneze kwa kuongeza sauti ya tano. Badilisha noti.

Kuna uhusiano kati ya envelopu na mwendo ambao maelezo mengi huuruka. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lina milisekunde 500, na robo ya pigo ina 125. Besi inayopiga kila robo ya pigo huku ikiwa na muda wa kufifia wa sekunde moja, kwenye sinthesaiza inayoruhusu sauti nyingi kwa pamoja, itajirundikia juu yake yenyewe, na utadhani tatizo ni kichujio. Fupisha muda huo hadi chini ya milisekunde 100 na mdundo utasimama wima. Ndiyo maana sauti iliyokupendeza ulipoishikilia peke yake inaweza kukushinda ndani ya wimbo: iliundwa bila mwendo.

Besi iweke kwenye hali ya sauti moja, ili noti mbili za chini zisigongane. Sauti ya kujaza ikatwe chini kwa kichujio cha kupitisha sauti za juu, kwa mfano kuanzia hezi 200, ili isigombee nafasi na besi hiyo. Ukiisikiliza peke yake utaiona nyembamba, na hilo lisikusumbue. Mwisho, ile nguvu ya kubonyeza aliyoitaja Kokotoa, kati ya 0 na 127, ielekeze kwenye mpaka wa kichujio na si kwenye ukubwa wa sauti tu. Hapo kidole chako kitabadilisha rangi ya kila noti, na wimbo wa noti tano utaacha kuonekana kama umepigwa na saa ya ukutani.

Kokotoa alijibu:

Bi Zumari ametusema kwa haki. Nitajibu hayo mawili kwa ufupi.

Mlio wa kukatika unatokana na wimbi kuruka kutoka, tuseme, 0.8 hadi 0 ndani ya sampuli moja. Mruko wa namna hiyo hubeba masafa mengi kwa mpigo, na sikio huyasikia kama mdomo wa kalamu unaogonga meza. Mwishoni mwa kila noti punguza ukubwa wa sauti hadi sifuri kwa milisekunde 5, ambazo ni sampuli 220 hivi, na mlio huo utafifia au kutoweka kabisa. Unapohama kutoka noti moja kwenda nyingine bila kunyamaza, badilisha hatua tu. Kile kigezo cha mahali ulipo usikirudishe kwenye sifuri.

Kuhusu FM, usianze na sinthesaiza yenye osileta sita. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyechapisha makala kuhusu njia hii mwaka 1973, alionyesha mengi kwa osileta mbili za sini, moja ikisikika na nyingine ikitikisa masafa ya ile ya kwanza. Kinachozaliwa ni masafa mapya pande zote mbili za inayosikika, yakiachana kwa kipimo cha mtikisaji. Mfano mzuri ni inayosikika ya hezi 200 na mtikisaji wa 280: unapata 480 na 760 upande wa juu, na upande wa chini −80 na −360, ambazo sikio huzipokea kama 80 na 360. Masafa hayo hayapangiki kama harmoniki za noti tunayoisikia, kwa hiyo husikika kama kengele. Ukifanya mtikisaji uwe 200, sawa na inayosikika, yote yanaangukia kwenye 200, 400, 600, na unapata sauti kamili yenye ukali wa tarumbeta. Ukifanya 400, yanabaki ya witiri tu, na unarudi karibu na wimbi la mraba.

Hivyo uwiano wa masafa huamua ni harmoniki zipi zipo, na nguvu ya mtikisaji huamua ni ngapi zinasikika. Sauti yako inavurugika kwa sababu vitu hivi viwili unavigusa kwa pamoja. Sinthesaiza ya FM ya DX7 ya Yamaha, iliyotoka mwaka 1983 ikiwa na osileta sita na mipangilio 32 ya kuziunganisha, ilikuwa na kioo kidogo na kitelezi kimoja cha kubadilishia namba, na wengi walioimiliki walipiga sauti za kiwandani bila kuzigusa.

Mvumo alijibu:

Nikazie moja tu kwenye hilo la FM, halafu nimwachie mwenye swali afanye kazi. Hapo hakuna kichujio cha lazima, kwa hiyo envelopu ya mtikisaji ndiyo inayofanya kazi ya kichujio. Weka uwiano wa 1:1, mpe mtikisaji envelopu inayoshuka haraka, na ile inayosikika ishuke polepole: noti itaanza kwa ukali na kumalizikia kwenye sini tupu, ambayo ni tabia ya piano ya umeme. Kwenye Surge XT kuna osileta za FM zilizo tayari, zenye mtikisaji ndani yake. Chagua ile yenye watikisaji wawili, punguza nguvu ya wa pili hadi sifuri, na uelekeze envelopu ya ziada kwenye nguvu ya wa kwanza. Kichujio kiache wazi kabisa mpaka utakapoisikia tofauti kati ya kubadilisha uwiano na kubadilisha nguvu.

Na kuhusu Python, Ndugu Kokotoa, wastani ule mdogo wa Karplus na Strong umenishinda hoja. Siku za juma aandike, mwisho wa juma azungushe vitufe.